Mchezaji wa chuo Marekani sasa analipwa. Mtoto wa Kamina je?

Agosti 2022 timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky ilikwenda Bahamas kucheza mechi za kirafiki. Oscar Tshiebwe, kijana wa Lubumbashi, Kongo, alikuwa na shughuli nyingine huko: matangazo ya biashara. Msimu uliokuwa umeisha alitajwa kuwa mchezaji bora wa vyuo vyote vya Marekani, na alikuwa akikusanya wastani wa ribaundi 15.1 kila mechi. Wenzake Wamarekani waliweza kufanya matangazo kama hayo Lexington, mji wa chuo chao, hatua chache tu kutoka bwenini. Yeye alisubiri mpaka atoke nje ya nchi, maana viza yake ilikuwa ya mwanafunzi, na viza hiyo haimruhusu mtu kwenda kutafuta kibarua nje ya chuo.

Mzazi wa Kamina, katika Kongo hiyo hiyo, mwenye mtoto mrefu anayecheza basket vizuri akielewe kisa hiki kabla ya kuamini video za simu zinazosema kwamba kila mchezaji wa chuo kule ni milionea.

Zamani mambo yalikuwa wazi. Mwanariadha wa chuo alipewa ada, chumba, chakula na vitabu, basi. Mkenya Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi wa Washington State, na kwa sheria za wakati ule hakuruhusiwa kupokea malipo ya ushindi. Dikembe Mutombo aliingia Georgetown mwaka 1987 akitaka kuwa daktari; pesa za kikapu alizionja kwenye ligi ya kulipwa ya NBA, baada ya kumaliza shahada. NCAA, shirikisho linalosimamia michezo ya vyuo, lilisema mwanafunzi ni mchezaji wa ridhaa, huku vyuo vikivuna mamilioni ya televisheni.

Ukuta huo wa ridhaa ulibomoka mara mbili. Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu ya Marekani waliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston iliyohusu marupurupu ya masomo, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kuuza haki za majina na sura zao kwa wafanyabiashara. Kisha tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House: wachezaji wa tangu 2016 wafidiwe takriban dola bilioni 2.8 katika miaka 10, na kila chuo kinachokubali mpango huo kiweze kuwagawia wachezaji wake pesa moja kwa moja. Kwa mwaka wa kwanza kikomo kilikuwa kama dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja.

Kikomo si ahadi. Vyuo vidogo havifiki popote karibu na kiasi hicho, na kwenye vyuo vikubwa sehemu nono huchukuliwa na mpira wa Kimarekani, kisha kikapu cha wanaume. Binti anayekimbia mbio ndefu, hata akiwa bingwa, yuko mbali na meza hiyo.

Sasa turudi kwenye viza, maana hapa ndipo familia nyingi hudanganywa. Viza ya mwanafunzi, inayoitwa F-1, inamruhusu mtu kufanya kazi ndani ya chuo kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nje ya chuo anahitaji kibali maalumu. Wanasheria wa uhamiaji hutenganisha pesa inayotokana na jasho, kama kusimama mbele ya kamera na kusifia soda, na pesa inayoingia yenyewe, kama fungu la mauzo ya fulana yenye jina lako. Ya kwanza ni hatari kwa mwenye F-1. Ya pili wengi huiona salama zaidi. Je, mgawo wa chuo chenyewe uingie kundi gani? Makubaliano ya 2025 hayakulijibu swali hilo. Baadhi ya vyuo huandika kwamba vinalipia haki ya kutumia jina na sura tu, vingine vinaogopa kumlipa mgeni hata senti. Akikosea, Mmarekani anaweza kukosa mechi. Mgeni anaweza kupoteza viza na kurudishwa nyumbani.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa kocha anayepiga simu liwe hili: mwanasheria wa uhamiaji wa chuo anasema nini kuhusu F-1? Jibu lije kwa maandishi. Kocha akicheka na kusema «usijali, tutapanga», ujue hajapanga.

Swali la pili ni la ufadhili wa masomo. Huo ndio mali ya uhakika. Uliza ni wa mwaka mmoja au wa miaka yote, unalipia nini, na mtoto akivunjika goti itakuwaje. Siku hizi wachezaji huhama vyuo kwa urahisi sana wakifuata dau, lakini akitangaza tu kwamba anataka kuhama, chuo alichopo kinaweza kumsitishia ufadhili muhula ukiisha. Mgeni lazima pia rekodi zake za uhamiaji zihamishiwe chuo kipya, tena asome masomo kamili, la sivyo viza inayumba.

Mikataba isomwe na mtu asiyelipwa na aliyeileta. Mwaka 2022 Gervon Dexter, mchezaji wa mpira wa Kimarekani wa Florida, alipokea dola 436,485 kutoka kampuni moja. Kwa malipo hayo aliahidi asilimia 15 ya mapato yake ya NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, kwa miaka 25. Baadaye alikwenda mahakamani. Huyo ni Mmarekani aliyekulia kwenye Kiingereza hicho hicho cha mkataba. Kumbuka pia kodi: mgeni anaweza kukatwa asilimia 30 kabla hajaiona pesa.

Na mawakala wanaozunguka Kamina, Likasi na Lubumbashi? Chuo halisi hakimtozi mchezaji pesa ili kumpa ufadhili. Mwaka 2018 mkuu wa shule moja ya Charlotte, North Carolina, alikiri mahakamani makosa ya kuwahifadhi wanariadha wa kigeni kinyume cha sheria: alitoa karatasi za viza, naye akalipwa kwa kila kichwa. Jina la shule litafutwe kwenye orodha ya serikali ya Marekani ya shule zilizoruhusiwa kupokea wageni. Shule isiyokuwemo haiwezi kutoa fomu ya I-20, na bila fomu hiyo hakuna viza ya F-1.

Umri nao ni mtego. Mtoto mwenye vyeti viwili vya kuzaliwa, kimoja cha ligi na kimoja cha kweli, ataumbuka siku ya ukaguzi. Anayemaliza sekondari kisha akakaa miaka akicheza mashindano anaweza kupunguziwa misimu ya kucheza.

Mwisho ni karatasi. Diploma ya serikali na ripoti za shule za miaka ya sekondari zitafsiriwe kwa Kiingereza mapema, maana NCAA huhesabu masomo 16 ya msingi. Mtihani wa Kiingereza ufanywe kabla ya msimu wa kuomba vyuo. Mahojiano ya viza hufanyika ubalozini Kinshasa, na kutoka Kamina hiyo ni safari ya gharama, kwa hiyo mtu asifunge mzigo kabla I-20 haijafika na ada ya dola 350 ya usajili wa wanafunzi wa kigeni haijalipwa. Afisa akimuuliza kijana anakwenda kufanya nini, ataje fani atakayosoma kwanza, na awe anaijua kweli.