SOMO LA KOMPYUTA: KUTAFUTA KOSA KATIKA MTANDAO WA KOMPYUTA PEPE

Muhula huu Mhariri ameniomba nieleze kazi ya ile seva iliyomo katika chumba kidogo kando ya maabara. Nitaieleza, kisha nitasimulia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ambalo nusura liharibu alama za Kidato cha Nne. Kosa la mwalimu nalo ni somo.

Kompyuta pepe ni nini? Ni kompyuta isiyo na mwili wake. Seva moja yenye nguvu hugawanywa kwa programu, ikawa kama nyumba yenye vyumba kadhaa, na kila chumba hujiona kuwa nyumba kamili. Maarifa haya si mageni. Kampuni ya IBM ilianza kuyatumia huko Marekani katika miaka ya 1960, na tangu mwaka 2007 programu iitwayo KVM imekuwa sehemu ya Linux, ambayo twaipata bila malipo. Kwetu jambo hili lina faida kubwa. Kasulu na Kibondo zilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi, mpaka gridi ya taifa ilipofika mwaka 2022. Hata leo umeme ukikatika, ni rahisi kulinda seva moja kwa betri kuliko kulinda kompyuta tatu.

Ndani ya seva yetu mna vyumba viwili: cha kwanza hutunza alama za wanafunzi, cha pili ni maktaba ya vitabu na masomo. Vyote viwili hutoka nje kwa mlango mmoja, yaani kadi ya mtandao ya seva. Anayegawa barua mlangoni ni swichi pepe, ambayo nayo ni programu tu.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Nilipotaka kuunda maktaba, niliona uvivu kuanza upya. Nikanakili kwa mkono kompyuta ya alama, nikabadili jina na anwani ya IP, nikadhani kazi imekwisha. Kesho yake walimu wakalalamika. Ukiandika alama kumi, nne zaingia, sita zagoma. Ukijaribu tena, mara zakubali, mara zakataa. Zilibaki siku mbili tu kabla ya kupeleka alama. Mwanafunzi mmoja akanijia na uso wa hofu. “Shikamoo, Mwalimu. Je, alama zangu zimepotea?” Nikamwitikia marahaba, lakini jibu la swali lake sikuwa nalo.

Nikaanza kubahatisha. Nikabadili kebo. Nikawasha ruta upya. Nikalaumu mvua. Mchana wote ukapita bure, kwa sababu nilikuwa nikibadili mambo bila kupima. Aliyenifungua macho ni kijana wa Kidato cha Tatu aliyekuwa akinisaidia. Alisema, “Mwalimu, mbona maktaba ikizimwa alama hazisumbui?” Tukajaribu. Tulizima maktaba, tukatuma pingi 100 kwa kompyuta ya alama, zote zikarudi. Tulipoiwasha, nyingi zikapotea. Basi kosa lilikuwa ndani ya nyumba yenyewe. Mvua haikuwa na hatia.

Sababu yake ni hii. Kila kadi ya mtandao, hata iliyo pepe, ina anwani ya maunzi yenye jozi sita za tarakimu na herufi. Kadi za KVM kwa desturi huanza na 52:54:00, na jozi tatu zinazobaki yapasa zitofautiane. Mimi nilinakili zote sita. Swichi pepe hujifunza kwa kutazama: pakiti ikitoka chumba cha maktaba, huandika, “Mwenye anwani hii akaa maktaba.” Pakiti nyingine ikitoka chumba cha alama na anwani ile ile, hufuta na kuandika, “Akaa chumba cha alama.” Kwa hiyo barua za alama zilipelekwa maktaba kila maktaba ilipokuwa imesema ya mwisho, na maktaba ikazitupa kwa kuwa anwani ya IP haikuwa yake. Ni kama mapacha wawili wenye jina moja katika shule moja: posta haina kosa ikimpa Kulwa barua ya Doto.

Tulizima maktaba, tukabadili jozi tatu za mwisho, tukaiwasha. Pingi 100 zikarudi zote. Usiku ule tulilinganisha alama zote na madaftari ya walimu, tukajaza zilizokosekana, na hapana mwanafunzi aliyepungukiwa.

Baadaye tuliona mambo mengine mawili yafaayo kukumbukwa.

Kwanza, mwendo. Kompyuta zetu pepe zilitumia kadi ya kuigiza, yaani seva ilijifanya kadi halisi ya zamani. Kazi hiyo huichosha, maana kila mara kompyuta pepe igusapo kadi, hapana budi isimame ili seva ijibu. Tulipochagua kadi ya aina ya virtio, ambayo yajua kuwa ni pepe na hupokea mzigo kwa mafungu, maktaba ilifunguka upesi zaidi.

Pili, ukubwa wa pakiti. Shule rafiki ya Kibondo huifikia maktaba yetu kwa njia ya siri iliyopitishwa juu ya intaneti. Huko pingi ndogo zilifika, lakini vitabu vikubwa vilikwama. Pakiti ya kawaida ni baiti 1500. Njia ya siri huiongezea bahasha yake, ikazidi kipimo cha mlango. Tulituma pingi ya baiti 1472 kwa amri ya “usikate” (pamoja na vichwa vyake 28 hufika 1500), ikagoma. Tukapunguza ukubwa wa pakiti za maktaba hadi 1400, na vitabu vikafika Kibondo.

Basi shikeni utaratibu huu: pima kabla ya kubadili, badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, pima tena, andika katika daftari. Haraka haraka haina baraka. Na mdogo akisema neno, msikilizeni.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini kosa lilitoweka maktaba ilipozimwa?
2. Swichi pepe hujuaje mahali pa kupeleka pakiti?
3. Pingi ndogo yafika, faili kubwa yakwama. Utapima nini kwanza?

Majibu yaleteni maabara siku ya Ijumaa baada ya vipindi.