Wamenizushia utapeli kwenye WhatsApp: niende polisi?

SWALI: Mtu amesambaza picha na namba yangu ya simu kwenye magrupu, akidai nimetapeli watu pesa za kikoba. Ni uongo mtupu. Polisi watanisikiliza?

JIBU: Pole sana, dada. Watakusikiliza, na una haki ya kusikilizwa. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamgusa anayesambaza taarifa za uongo kwa nia ya kuchafua au kudanganya: faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

Kabla ya kwenda, hifadhi ushahidi. Piga skrinishoti inayoonyesha namba ya mtumaji, jina la grupu, tarehe na saa. Iliyokatwa ikabaki maneno matupu haisaidii sana. Usifute ujumbe, maana simu yenyewe ni kielelezo. Na tafadhali usimjibu kwa matusi: yatageuka kesi dhidi yako.

Kituoni, toa maelezo, yasome kabla ya kusaini, kisha chukua namba ya RB, yaani kumbukumbu ya taarifa yako kituoni. Ukiombwa hela ya kufunguliwa jalada, kataa, umwone mkuu wa kituo. Nenda leo, kabla mtumaji hajafuta.