Kusaka Chanzo cha Mtetemo katika Pikapu Kuukuu

Mwalimu wa fizikia afundishapo mwendo wa mviringo, aghalabu hutumia mfano wa jiwe lililofungwa kwenye uzi. Mfano huo unafaa, lakini upo mwingine ulio karibu na maisha yetu, nao ni pikapu kuukuu ambayo hutetemeka kila ifikapo mwendo fulani. Mwenye gari hununua tairi, kisha shokapu, kisha beringi, na mtetemo hauondoki. Hasara ya fedha si ndogo, na hatari ni kubwa zaidi: krosi ya mbele ya propela shafti ikikatika safarini, ncha ya shafti huanguka na kuweza kuchimba barabara. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi hesabu ya kidato cha tatu iwezavyo kutangulia spana.

Kila sehemu na idadi yake

Mtetemo wa gari hutokana na kitu kinachozunguka. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: kitu gani huzunguka mara ngapi kwa sekunde?

Tuchukue pikapu yenye tairi za kipenyo cha mita 0.70. Mzingo wa tairi ni 3.14 × 0.70, yaani mita 2.2. Mwendo wa kilometa 80 kwa saa ni sawa na mita 22.2 kwa sekunde. Tukigawa 22.2 kwa 2.2 tunapata mizunguko 10 hivi kwa sekunde. Hiyo ndiyo idadi ya gurudumu.

Katika difu, tuseme gia kubwa ina meno 41 na ndogo ina meno 10. Uwiano wake ni 4.1, hivyo shafti huzunguka mara 41 kwa sekunde. Ikiwa gari limo katika gia ambayo giaboksi haibadilishi mwendo, injini nayo huzunguka mara 41 kwa sekunde, yaani karibu mara 2,500 kwa dakika.

Mtetemo wa mara 10 kwa sekunde huonekana kwa macho: usukani hucheza, au kiti hutikisika. Ule wa mara 41 au zaidi husikika kama mvumo unaopita katika sakafu. Simu nyingi za siku hizi zina kifaa cha kupima mchapuko, na mwanafunzi aketiye kando ya dereva aweza kuitumia kuhesabu mitetemo. Akumbuke tu kwamba kifaa lazima kichukue vipimo zaidi ya mara mbili ya idadi inayotafutwa.

Uzito mdogo, kani kubwa

Tuseme tope la gramu 50 limekauka ndani ya rimu, sentimeta 19 kutoka katikati. Kani yake ni tungamo mara nusukipenyo mara kipeo cha pili cha kasi ya mzunguko. Kwa mizunguko 10 kwa sekunde, kasi hiyo ni radiani 63 kwa sekunde, na kani ni karibu nyutoni 38. Ni kama kitu cha kilo nne kinachovuta gurudumu juu, mbele, chini na nyuma mara 10 kila sekunde. Mwendo ukipungua kwa nusu, kani hupungua hadi robo. Ndiyo sababu gari hutulia mjini na kutetemeka barabara kuu.

Tena, springi na mwili wa gari vina mitetemo yao ya asili. Idadi ya msukumo ikilingana nayo, mtetemo hukua, ikipita, hupungua. Kwa hiyo mtetemo unaotoweka dereva anapoongeza mwendo haujapona.

Kutenga washukiwa

Jaribio la kwanza: gari likiwa limesimama katika gia huru, injini ipandishwe hadi mizunguko 2,500 kwa dakika. Mtetemo ukitokea, chanzo ki katika injini au klachi.

Jaribio la pili: mwendo ubaki ule ule, gia ishushwe moja. Injini itazunguka haraka zaidi, lakini shafti na magurudumu hayabadiliki. Mtetemo ukibaki vile vile, injini haina hatia. Jaribio hili ni la lazima, kwa kuwa katika gia ya moja kwa moja injini na shafti zina idadi moja, na hesabu peke yake haitenganishi.

Jaribio la tatu: magurudumu ya mbele yabadilishane na ya nyuma. Mtetemo wa mara 10 ukihama kutoka usukanini kwenda kitini, basi ni tairi au rimu.

Siri ya krosi

Hubaki kesi ngumu: mvumo wa mara 82 kwa sekunde, yaani mara mbili ya shafti. Kiungo cha krosi huitwa pia kwa jina la Robert Hooke, yule yule wa kanuni ya springi. Kiungo hiki kikipinda, upande wa pili hauzunguki kwa kasi moja, bali huharakisha na kuchelewa mara mbili katika kila mzunguko. Kwa pembe ya nyuzi 10, tofauti ni karibu asilimia 1.5 juu na chini. Krosi ya pili, yenye pembe sawa na ya kwanza, hufuta kosa hilo, mradi panda mbili za shafti zimelala katika usawa mmoja.

Fundi akichomoa shafti kwenye meno yake ya kuteleza bila kutia alama ya rangi, aweza kuirudisha ikiwa imekosea meno kadhaa. Ikikosea robo mzunguko, makosa mawili hujumlika na kufika karibu asilimia 3. Hapo hata tairi mpya nne hazitasaidia. Dawa ni kuchomoa, kulinganisha panda na kurudisha, bila kununua kitu. Kazi hii ifanyike injini ikiwa imezimwa, na gari likiwa juu ya vigingi imara. Jeki peke yake haitoshi.

Zoezi

1. Tafuta idadi ya mizunguko ya gurudumu na ya shafti kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa.
2. Tope la gramu 100 katika rimu ile ile litatoa kani gani kwa kilometa 100 kwa saa?
3. Eleza kwa nini mtetemo wa krosi waweza kubadilika pikapu inapopakia mzigo.