SOMO: MTOTO MWENYE MSIBA ANAHITAJI MSIKILIZAJI



Katika somo hili tunatazama kitabu kinachotugusa sisi wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Kinaitwa Petit Pays, yaani "Nchi Ndogo". Kiliandikwa kwa Kifaransa na Gaël Faye, mzaliwa wa Bujumbura, na kilitoka mwaka 2016. Ni riwaya, lakini vita vinavyosimuliwa vilitokea kweli, tena katika mji ule ambao usiku tunaziona taa zake tukiwa Uvira.

Msimulizi ni Gabriel, mvulana wa miaka kumi hivi. Baba yake ni Mfaransa. Mama yake ni Mtutsi aliyeikimbia Rwanda akiwa mtoto. Mwanzoni habari zake ni za marafiki wa mtaani na maembe ya kuiba kwa majirani. Kisha Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye anauawa, na Burundi inaingia vitani. Aprili 1994 mauaji ya kimbari yanaanza Rwanda, na ndugu wa mama yake wanauawa.

Wazazi wafanya nini?

Baba hataki watoto waguse mambo ya siasa, basi hawaelezi. Wanasikia risasi, hawaambiwi sababu. Mama anakwenda Rwanda, anakuta maiti za watoto wa ndugu zake, anarudi akiwa amevunjika. Usiku anamwamsha Ana, binti yake mdogo, na kumsimulia yote aliyoyaona.

Wote wawili wanawapenda watoto wao. Lakini mmoja anaficha, na mwingine anamtwika mtoto mzigo wa mtu mzima. Gabriel anajificha katika vitabu anavyoazimwa na mama mmoja jirani. Nje, vijana wanaunda kundi na kumtaka achague upande. Baba wa rafiki yao anapouawa, wanamkamata mtu mmoja, wanamweka ndani ya gari, na Gabriel anashurutishwa kumchoma moto.

Sisi tunajifunza nini?

Mwaka 1996 familia nyingi za Uvira na Fizi zilivuka ziwa kwenda Kigoma. Februari 2025 maelfu ya watu walivuka kuingia Burundi. Watoto wao wana maswali: Baba yuko wapi? Nani alitufukuza? Tutarudi lini? Asiyejibiwa nyumbani atajibiwa na kundi, na jibu la kundi huwa ni jina la kabila.

Kati ya kuficha yote na kumwaga yote iko njia ya katikati:

1. Tuseme ukweli kwa maneno machache. Mtoto akiambiwa baba amesafiri, ataendelea kumngoja. Siku akijua, hatatuamini tena.

2. Tumsikilize zaidi ya kumhubiria. Asipotaka kusema leo, tukae naye tu.

3. Mambo mazito tumweleze mtu mzima mwenzetu: ndugu, mhudumu wa afya, kiongozi wa dini.

4. Tumwache acheze, achore, asome. Anayecheza hajasahau msiba wake.

5. Tusimfundishe kwamba kabila zima limeua. Mtoto wa Kifuliiru, wa Kivira, wa Kibembe na wa Kinyamulenge, machozi yao ni yaleyale.

Ninyi viongozi wa kambi na mitaa, mwangalieni mtoto aliyeacha kucheza, au anayeanza kufuatana na wenye silaha. Zungumzeni na mlezi wake mapema. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio kitamfichua.

Maswali ya kujadili pamoja

- Katika familia yetu, ni kifo gani ambacho watoto hawajaambiwa ukweli wake? Nani awaambie, na kwa maneno gani?
- Mama wa Gabriel angeweza kumweleza nani uchungu wake? Hapa tulipo, mtu huyo ni nani?
- Mtoto akituuliza "Nani alitufukuza?", tutamjibu nini bila kumpandia chuki?