USIKATE TAMAA JUMAMOSI!

Soma: Luka 22:54-62, Luka 23:50 hadi 24:12, Matendo 2:14-41



Nina swali kwako. Krismasi iliyopita ulikuwa wapi? Na tarehe 26 asubuhi uliamkaje?

Mimi nilikuwa mpiga debe stendi. Sikukuu kwangu ilikuwa nguo mpya, pilau, na pombe mpaka kunakucha. Mwaka mmoja niliamka tarehe 26 nikiwa mtaroni, viatu vimeibiwa, mfukoni sina hata nauli. Mama alikuwa amenitafuta usiku kucha. Nikajiuliza: sikukuu imepita, mbona mimi nimebaki vilevile?

Ndugu yangu, sikukuu za kanisa hazikuwekwa kwa ajili ya pilau. Ukizipanga kwa mwaka mzima utaona ni habari moja, na habari hiyo inakuhusu wewe.

1. KRISMASI: MUNGU AMEKUJA ULIPO
Makanisa mengi hutanguliza Jumapili nne za Majilio, yaani kuja kwake Bwana. Ni majira ya kungoja. Na alipokuja, alilazwa horini kwa sababu nyumba ya wageni ilikuwa imejaa (Luka 2:7). Wa kwanza kupewa habari walikuwa wachungaji, watu wa zamu ya usiku. Wewe unayelala barazani, usiseme Mungu hapajui hapo.

2. KWARESIMA: ANAIJUA NJAA YAKO
Ni siku 40 bila kuhesabu Jumapili, kuanzia Jumatano ya Majivu. Sisi Wapentekoste wengi hatuiadhimishi kama Waluteri na Wakatoliki, lakini jambo lenyewe ni la kweli: Yesu alifunga siku 40 jangwani, na Shetani akamjia pale pale penye njaa (Mathayo 4:1-4). Alishinda. Anaweza kukushindia na wewe.

3. IJUMAA KUU: DENI LIMELIPWA
Mhalifu aliyesulubiwa pamoja naye hakuwa na muda wa kutengeneza maisha yake. Aliomba tu akumbukwe. Akaahidiwa Paradiso siku hiyo hiyo (Luka 23:42-43). Usiseme, "Ngoja kwanza nijirekebishe." Njoo kama ulivyo!

4. JUMAMOSI: SIKU YA KIMYA
Hapa nataka tukae kidogo. Jumamosi ile Yesu yumo kaburini. Jiwe limewekwa, limetiwa muhuri, na walinzi wapo. Wanawake wameandaa manukato ya maiti. Hakuna malaika, hakuna muujiza, kimya tu.

Kijana, pengine wewe unaishi Jumamosi hiyo. Umemaliza darasa la saba, hukuchaguliwa. Baba amefariki na ndugu wamegawana mali. Dada, umepata mimba na mwenyewe ameikana. Wengine mmeshawaza hata kunywa sumu.

Sasa sikiliza habari ya watu wawili. Yuda alimsaliti Bwana. Petro alimkana mara tatu. Wote wawili walijuta sana. Lakini Yuda alijihukumu mwenyewe, akajinyonga (Mathayo 27:3-5). Hakuiona Jumapili. Petro alilia kwa uchungu, lakini alikuwepo Jumapili ilipofika. Laiti Yuda angengoja!

Basi usijikatie hukumu Jumamosi. Kama wazo la kujiua linakusumbua, usilale nalo usiku wa leo. Mwambie mtu: mama, shangazi, rafiki, mchungaji. Njoo hata kwetu jukwaani, tukae na wewe. Hakuna atakayekucheka.

5. PASAKA: KABURI LI WAZI
Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na sehemu nyingi za nchi yetu huwa ni wakati wa masika. Mkulima anajua: mbegu iliyofukiwa haijapotea. Yesu amefufuka! Na malaika alipowatuma wale wanawake, alimtaja Petro kwa jina (Marko 16:7). Yule aliyemkana ndiye aliyeitwa.

6. PENTEKOSTE: NGUVU YA KUENDELEA
Ukihesabu kuanzia Pasaka, siku ya 50 ni Pentekoste. Roho Mtakatifu alishuka, na Petro yule yule akasimama mbele ya umati bila hofu. Watu wapata 3,000 waliokoka siku moja (Matendo 2:41). Angejinyonga Jumamosi, nani angehubiri?

Baada ya hapo kalenda ina majuma mengi yasiyo na sikukuu. Huko ndiko wokovu unakoishiwa: stendi, sokoni, shambani, Jumatatu hadi Jumamosi.

UFANYE NINI?
Mimi niliokoka wakati wa masika, kwenye mkutano wa Injili kama huu, mvua ikininyeshea. Hata wewe unaweza, sasa hivi. Omba hivi kwa moyo wako:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Naamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Nisamehe. Ingia maishani mwangu. Nipe Roho wako nisirudi nyuma. Amina."

Kama umeomba sala hii, tafuta kanisa linalohubiri wokovu. Anza kusoma Injili ya Yohana, sura moja kila siku. Omba kila asubuhi. Acha kijiwe kinachokurudisha nyuma.

Krismasi iliyofuata mama yangu hakunitafuta. Nilikuwa nimekaa karibu naye, kanisani.

Mungu akubariki. Ukimaliza kusoma usitupe, mpe mwenzako.