Majina ya Malale, Majina ya Kongo

Wenzetu wa tiba wanapoandika mapitio ya kimfumo hukusanya tafiti zote zilizofanywa juu ya swali moja, kisha huzipima pamoja. Kazi huanza kwa kutafuta makala, na kutafuta ni kuchagua maneno. Kwa hiyo naona inatuhusu sisi wa lugha, pengine kuliko wao.

Tuchukue malale, ugonjwa wa usingizi, na swali hili: melarsoprol iliwadhuru vipi wagonjwa wa Kongo? Dawa hiyo yenye arseniki, iliyoanza kutumika mwaka 1949, iliweza kuua wagonjwa 3 hadi 10 katika kila 100. Anayekosa makala anakosa na vifo vilivyohesabiwa ndani yake.

Mzizi trypanosom- ukitiwa kinyota mwishoni katika PubMed unashika trypanosomiasis ya Kiingereza pamoja na trypanosomiase na trypanosomose za Kifaransa. Haushiki «maladie du sommeil» wala «sleeping sickness». Hayo huandikwa kando na kuunganishwa kwa OR. Tena unaleta ugonjwa wa Chagas wa Amerika ya Kusini, maana vimelea vyake ni vya jenasi hiyohiyo.

Jina la mahali lina taabu zaidi. Makala ya 1955 itasema Congo belge na Stanleyville. Ya 1980, Zaïre na Haut-Zaïre. Ya 2010, Province Orientale. Ya leo, Tshopo. Mji ni huuhuu wetu. Anayeandika jina la leo tu anafuta miaka mingi ya wagonjwa. Lakini kuongeza majina nako kuna gharama. Zaire peke yake italeta Ebola ya Guinea na Sierra Leone, kwa kuwa virusi vilivyotambuliwa Yambuku mwaka 1976 vilibaki na jina hilo. Congo italeta Brazzaville, na hata Congo red, rangi ya maabara iliyobuniwa Ujerumani miaka ya 1880, ambayo haina uhusiano wowote na mto wetu. Hapo AND inasaidia: inadai ugonjwa na mahali vikutane katika makala moja.

Ningeanza hivi, nikiandika kando tarehe ya kutafuta ili mwingine aweze kurudia:

(trypanosom* OR "sleeping sickness" OR "maladie du sommeil") AND (melarsoprol OR arsobal) AND (congo* OR zair* OR kisangani OR stanleyville OR tshopo OR orientale)

Kisha ningefungua Annales za Société belge de médecine tropicale, zilizoanza 1920, na kuzipekua kwa mkono.