BOMBA LA MOSHI LIKITOBOKA, MASHINE ISISAGE



Katika koperative nyingi tunazotembelea, mashine ya kusaga mihogo na mahindi inafungwa ndani ya nyumba, juu ya mvua na juu ya wezi. Injini inakunywa mazutu, na moshi yake inapaswa kutoka inje kwa bomba, ile wafundi wanaita eshapema. Bomba likitoboka, watu wanasema: «Ni makelele tu, unga si unatoka?» Basi mashine inaendelea kusaga. Somo hili linaeleza kwa nini tusingoje.

Hatari iko wapi?

Moshi ya injini inabeba gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Mtu akiivuta, inakamata nafasi ya hewa safi katika damu. Injini ya esanse inatoa nyingi kuliko ya mazutu, lakini katika nyumba iliyofungwa zote mbili ni hatari. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea; wengi wanazani ni malaria. Kama kichwa kinauma kwenye mashine na kinapona ukifika nyumbani, shuku moshi. Mama mwenye mimba na mtoto wa mgongoni wako katika hatari zaidi. Tena, tangu 2012 wataalamu wa kansa wa OMS wanahesabu moshi ya mazutu kati ya vitu vinavyoleta kansa.

Kutafuta tundu

1. Zima injini, ngoja bomba lipoe kabisa.
2. Angalia kila kiungo. Masizi meusi yanaonyesha moshi inapita pale.
3. Pakaa maji ya sabuni, fungua milango yote, washa injini kidogo tu. Pale mapovu yanatoka, ndipo pametoboka.

Kutengeneza au kubadilisha?

Kama tundu ni moja dogo na bomba lingali gumu, fundi wa kuchomelea aweke kiraka cha chuma. Bomba lifunguliwe na kupelekwa inje, mbali na mazutu na unga, maana hata vumbi ya unga inashika moto. Kiraka kisiwe cha bati ya nyumba: mvuke wa zinki yake unamletea fundi homa. Kopo ya maziwa na waya inaweza kufikisha motokaa garaji. Kwa mashine inayosaga siku nzima, hiyo si dawa.

Kama kutu imekula mahali pengi, badilisha:

– Bomba jipya lisiwe jembamba kuliko la zamani, na makona yawe machache. Moshi ikikosa njia, injini inapoteza nguvu na kula mazutu mingi.
– Kwenye kiungo cha injini weka jwenti mpya inayovumilia moto, si karto.
– Kaza bulo zamu kwa zamu, upande huu na upande ule. Injini ikishafanya kazi na kupoa, kaza tena.
– Shikilia bomba vizuri: kutetemeka ndiko kunalipasua.
– Lisiguse mbao wala majani ya paa. Mdomo wake utoke juu, mbali na madirisha na pale wamama wanangojea, ukingwe na mvua.

Mtu akianguka

Fungua milango, zima injini, mtoe inje mara moja, mpeleke kituo cha afya. Mwambie muganga kwamba ni moshi ya mashine.

Ya kuzungumza katika kikao

Mwenye kusaga ndiye anavuta moshi kila siku, lakini mara nyingi hana ruhusa ya kusimamisha kazi. Tunashauri apewe haki ya kuzima mashine, hata siku ya soko, bila kukatwa mshahara. Na kila mwezi, kabla ya kugawa faida, kasha itenge feza kidogo ya matengenezo. Kwenu, ni nani anaangalia bomba, na mara ya mwisho aliliangalia lini?